Kwanza gari litalala wapi? Jibu kwa baba anayeipeleka familia New York mara ya kwanza

SWALI: Shikamoo mama. Tunaishi Portland, Maine, huu ni mwaka wa tatu, na New York hatujawahi kufika. Agosti nataka nimpeleke mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na miaka 4) na mama mkwe wangu mwenye miaka 68, ambaye magoti yanamsumbua. Tuna gari la viti saba lenye sanduku la mizigo juu ya keria. Tunataka kulala siku tatu. Nimeangalia hoteli za Manhattan nikazima simu. Nimeona pia nyumba za watu binafsi mtandaoni kwa bei nafuu, lakini rafiki yangu akaniuliza, "Na gari utaegesha wapi?" Sikuwa na jibu. Nisaidie: tulale wapi kwa bei ya mtu wa kawaida, na gari niliweke wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumchukua mama mkwe. Safari hii ataisimulia miaka mingi.

Rafiki yako amekuuliza swali ambalo lilistahili kuwa la kwanza. Nimekaa mapokezi ya hoteli New York miaka kumi na sita, na familia nyingi zilizonifikia zikiwa zimechoka na kununiana zilikuwa zimefanya jambo lile lile: zimetafuta kitanda mwezi mzima, zikalinganisha bei hadi senti, halafu suala la gari zikaliachia siku ya kufika. Wewe uligeuze. Amua kwanza gari litalala wapi, kisha tafuta kitanda karibu na gari. Ukienda kwa mpangilio huo, hoteli nyingi zilizokutisha zitajiondoa zenyewe, na utabaki na chache za kuchagua.

Tupige hesabu uone ninachosema. Tuseme umepata chumba Manhattan kwa dola 220, bei ambayo kwa majira ya joto si ya ajabu. Kodi za chumba New York ni asilimia 14.75, halafu kuna dola 3.50 nyingine kwa kila usiku, chumba kiwe cha bei yoyote. Chumba chako sasa ni dola 255.95. Njoo kwenye gari. Kuegesha saa 24 katikati ya Manhattan mara nyingi ni kati ya dola 50 na 80, na kodi ya maegesho hapo ni asilimia 18.375. Chukua dola 60: ukiongeza kodi ni dola 71. Usiku mmoja umefika dola 327. Mara tatu, dola 981. Bado hujahesabu nyongeza ya gari kubwa, ambayo majengo mengi ya maegesho huitoza kwa magari kama lako, wala bahashishi ya kijana anayekuletea gari kutoka chini. Na hicho ni chumba kimoja, nanyi mko watano.

Hapo kwenye watano ndipo wageni wengi huumia. Chumba cha kawaida chenye vitanda viwili huruhusiwa watu wanne, na mtoto wa miaka minne anahesabiwa kama mtu. Mtandaoni watu huandika wanne wakitumaini wa tano atapita. Mimi nimesimama upande wa pili wa ile kaunta. Idadi ya watu katika chumba inafungwa na kanuni za usalama wa moto, na mhudumu akiwahesabu mlangoni anaweza kukutaka uchukue chumba cha pili kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo ni bei mbaya kuliko zote. Andika watano tangu mwanzo. Matokeo yatapungua, lakini yatakuwa ya kweli.

Sasa zile nyumba za watu binafsi. Nakuomba uziache kabisa kama ziko ndani ya jiji la New York, yaani Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island. Tangu Septemba 2023 jiji linasimamia kwa nguvu sheria ya ukodishaji wa muda mfupi: kwa kukaa chini ya siku 30, mwenye nyumba lazima awe amejiandikisha jijini, awe anaishi hapo, awepo wakati wote mgeni yupo, na wageni wanaolipa wasizidi wawili. Kwa hiyo tangazo la nyumba nzima kwa watu watano, siku tatu, tena kwa bei ya kuokota, usilione kama bahati. Ama linakiuka sheria na linaweza kufutwa siku mbili kabla hujaondoka, ama nyumba yenyewe haipo. Dalili ya hili la pili ni moja: mtu anakuomba utoke kwenye mtandao wa kukodishia na umtumie fedha moja kwa moja. Akishasema hivyo, maongezi yameisha.

Basi ulale wapi? Wewe unatoka kaskazini mashariki, unashuka na barabara ya I-95 kupitia Connecticut. Kanuni yangu ni kwamba familia yenye gari ilale upande inakotokea, kabla ya kuingia jijini, mahali penye treni. Kwa upande wako kuna miji mitatu ninayoiamini: Stamford, ambao bado ni Connecticut, kisha New Rochelle na White Plains, ambayo iko jimbo la New York lakini nje ya jiji. Yote mitatu iko kwenye reli ya Metro-North inayoishia Grand Central, katikati kabisa ya Manhattan. Kutoka New Rochelle ni kama dakika 35, White Plains takriban dakika 40, na Stamford, kwa treni isiyosimama kila kituo, kama dakika 50 hadi saa moja.

Stamford na White Plains ni miji ya maofisi. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi hoteli zake zinajaa watu wa tai na kompyuta, na bei iko juu. Ijumaa jioni hao wote wanarudi makwao, vyumba vinabaki vitupu, bei inashuka. Hoteli za watalii za Manhattan mara nyingi zinakwenda kinyume chake: wikendi ndipo zinapopanda. Kwa hiyo njoo Ijumaa uondoke Jumatatu. Utakuwa unanunua wakati wenzako hawanunui. Tena Jumamosi na Jumapili treni za Metro-North ni za nauli nafuu siku nzima, na maegesho ya vituo vingi, ambayo siku za kazi ni ya wakazi wenye vibali tu, hulegeza masharti wikendi.

Unapotafuta, chagua hoteli za vyumba vyenye sebule ndogo, sofa ya kukunjua kuwa kitanda, na jiko dogo la kupashia chakula. Hizi ni nyingi katika miji ya maofisi kwa sababu ya wafanyakazi wanaokaa wiki nzima, na huko ndiko watu watano wanaingia kihalali katika chumba kimoja. Nyingi zinatoa na kifungua kinywa. Usikidharau: kwa watu watano, asubuhi tatu, ni vikao kumi na vitano vya chakula ambavyo hukuvilipia.

Usidhani lakini kwamba nje ya jiji hakuna kodi. Connecticut hutoza asilimia 15 ya bei ya chumba. Nafuu inatoka kwenye bei yenyewe na kwenye maegesho. Na kwenye maegesho uwe makini. Hoteli zilizo kando ya barabara kuu kwa kawaida hazitozi gari, ila kituo cha treni kiko mbali, na magoti ya mama mkwe hayatafika kwa miguu. Zilizo katikati ya mji, karibu na kituo, mara nyingi hutoza kitu fulani kwa usiku, kidogo sana kuliko Manhattan. Mimi ningelipa hicho kidogo ili asubuhi tutoke mlangoni kwa miguu mpaka kituoni. Kwa siku tatu, teksi za watu watano kwenda na kurudi kituoni zitameza akiba yote ya maegesho ya bure.

Nauli nayo ina mambo yake mazuri kwenu. Mtoto wa miaka 4 hapandi kwa nauli. Wa miaka 9 akiwa na mzazi nauli yake ni ndogo sana nje ya msongamano wa asubuhi. Mama mkwe, kwa kuwa amepita miaka 65, anastahili nusu nauli; kwa treni za asubuhi za siku za kazi zinazoingia jijini, ulizeni kwanza. Awe na kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa mkononi, asikiache kwenye begi hotelini. Tiketi nunueni kwenye mashine ya kituoni au kwenye programu ya TrainTime kabla ya kupanda. Ukimnunulia kondakta ndani ya treni ni ghali zaidi.

Mkishafika Grand Central, msikimbilie treni za chini ya ardhi kwa mazoea ya kusikia. Vituo vyake vingi havina lifti, ni ngazi tu, na nyingine ni ndefu. Kwenye ramani tafuta alama ya kiti cha magurudumu. Kituo kisicho na alama hiyo kichukulie kuwa ni ngazi. Kwa mtu mwenye magoti, basi la jiji ndilo rafiki. Likisimama utasikia linatoa pumzi, kisha upande wa mlango unashuka kuelekea ukingo wa barabara. Mama anapanda kama anayeingia sebuleni. Dereva asipoliinamisha, mwombe, ni haki yenu. Nauli ni ile ile ya treni ya chini, unagusisha kadi ya benki kwenye kifaa, na mtoto wa chini ya inchi 44 hupanda bure akiwa na mtu mzima.

Najua kuna anayesoma hapa ambaye roho yake inataka kuamka asubuhi aone maghorofa dirishani. Simlaumu. Kama hamna watoto na mko wawili, kuna njia. Mtaa wa mabenki chini kabisa ya Manhattan, Financial District, una hoteli zinazolishwa na watu wa biashara, hivyo wikendi bei zake huwa laini kuliko za karibu na Times Square. Long Island City, upande wa Queens, ni kituo kimoja au viwili tu kuvuka mto, na hoteli zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za ng'ambo. Baadhi zina maegesho machache ya anayewahi. Neno hilo, "anayewahi", maana yake halijahifadhiwa kwa ajili yako, hata kama picha ya mtandaoni inaonyesha nafasi kumi tupu. Tena kwa mwaka mzima, Januari na Februari ndiyo miezi ya vyumba vya bei ya chini New York, na Septemba hadi Desemba ndiyo migumu; mwishoni mwa Septemba, mkutano wa Umoja wa Mataifa ukikaa, upande wa mashariki wa Manhattan vyumba na barabara vyote havishikiki.

Na anayetoka magharibi au kusini, Ohio, Pennsylvania, Virginia, asifuate ushauri wa Stamford. Yeye alale New Jersey: Jersey City karibu na vituo vya PATH, treni inayovuka mto hadi Manhattan na kwenda saa 24, au Secaucus, ambako treni hufika Penn Station, Manhattan, kwa muda usiozidi robo saa hivi. Wewe ukienda huko itabidi uzunguke jiji zima, na kurudi New York kwa daraja au handaki ni tozo juu ya tozo.

Turudi kwenye gari, maana najua utashawishika. Jumamosi asubuhi watoto watachelewa kuvaa, utasema, "Si niingie nalo tu, nitapata mahali mtaani." Kaa nikuonyeshe mtaani pakoje.

Usiku mmoja wa Agosti, kama saa tano, baba mmoja aliingia mapokezini kwetu akitokwa jasho. Gari lake lilikuwa kama lako, na sanduku juu. Alikuwa amekataliwa majengo mawili ya maegesho: la kwanza kwa sababu ya kimo, la pili lilikuwa limejaa. Akaona nafasi nzuri mbele ya mlango wetu, pana, haina kibao cha kukataza wala rangi yoyote kwenye ukingo. Akaingia kujiandikisha. Nilipoinua macho kuangalia kupitia kioo nikaona pale aliposimama, nikamwambia, "Baba, toka, toka ukaliondoe." Alichelewa kwa dakika chache. Tiketi ilikuwa tayari chini ya waipa, dola 115. Alikuwa ameegesha kwenye bomba la zimamoto.

New York bomba la zimamoto halihitaji kibao wala rangi. Sheria ni futi 15 kila upande, kama mita nne na nusu, na dereva ndiye anayetakiwa kujua. Mimi huwafundisha wageni kupiga hatua: hatua sita za mtu mzima kutoka bomba hadi bampa. Ukiona nafasi nzuri imebaki tupu mtaa uliojaa magari, kabla hujafurahi tafuta bomba. Ndilo sababu mara nyingi.

Vibao navyo vina lugha yake. Soma nguzo nzima, juu hadi chini, na ufuate mishale, kwa sababu kibao cha juu kinaweza kuruhusu na cha chini kikakataza siku fulani. No Parking maana yake unaweza kusimama kidogo kushusha watu na mizigo. No Standing ni watu tu, wanashuka, unaondoka. No Stopping ni usisimame kabisa. Kibao chenye picha ya ufagio ni cha kufagia barabara: siku na saa zilizoandikwa, upande huo uwe mtupu. Na hapa niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa Kiswahili, kwani limewaponza wengi: kibao kikiandika 8AM hadi 6PM, hiyo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukiwa umechoka na safari, akili inarudi kwenye saa za nyumbani na unasoma nane. Isome kwa sauti, na mke wako naye aisome.

Mashine za kulipia maegesho ya mtaani tumia kadi kwenye mashine yenyewe au programu ya jiji, ParkNYC, uliyoipakua mwenyewe. Kumekuwa na stika bandia zenye alama ya kupigwa picha kwa simu (QR), zimebandikwa kwenye mashine, zinakupeleka kwenye tovuti ya matapeli. Usipige picha chochote kilichobandikwa. Na ukirudi Portland ukapata ujumbe wa simu kwamba unadaiwa tozo ndogo ya barabara, ubonyeze hapa ulipe, usibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie.

Majengo ya maegesho, ambayo Wamarekani huyaita gereji ingawa hakuna fundi ndani, ni salama zaidi ya mtaa kama unajua ya kuuliza. La kwanza ni kimo. Mlangoni pana bomba au ubao unaoning'inia kwa mnyororo, umeandikwa futi na inchi. Watu hudhani wanajua kimo cha gari lao kwa sababu kimeandikwa kwenye kitabu, na kitabu hakijui habari za sanduku lako. Chukua futi kamba kabla ya safari, pima kutoka ardhini hadi juu ya sanduku, andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike karibu na usukani. La pili, kama unalipia mapema kwa programu kama SpotHero, ambako bei huwa chini sana kuliko ya mlangoni, soma kama unaruhusiwa kutoka na kurudi. Mara nyingi hairuhusiwi: ukitoka, umemaliza, ukirudi unalipa upya. Soma pia maandishi madogo kuhusu magari makubwa, kwa sababu nyongeza hiyo hulipwa pale pale, hata kama mtandaoni umeshalipa kila kitu. La tatu, funguo utaziacha kwa wahudumu. Piga picha pande nne za gari mbele yao, na usiache hata chaja ikionekana kwenye kiti.

Ukiingia na gari Manhattan kusini mwa barabara ya 60, barabara ya 60 yenyewe ikiwemo, kuna tozo ya msongamano iliyoanza Januari 2025. Kwa gari dogo lenye E-ZPass, kile kifaa cha kulipia tozo za barabara bila kusimama, ni dola 9 mara moja kwa siku, siku za kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, na wikendi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Nje ya saa hizo ni dola 2.25. Bila E-ZPass dola 9 inakuwa 13.50, na bili inakuja kwa posta. E-ZPass ya barabara yenu ya kulipia, Maine Turnpike, inafanya kazi na huku pia, kwa hiyo kama huna kifaa hicho, kichukue kabla ya safari. Kitakufaa na kwenye madaraja. Hakikisha tu namba ya gari iliyoandikwa kwenye akaunti ni ya gari hili, si la zamani.

Sasa malipo ya chumba, na hapa nazungumza kama mtu wa kaunta. Tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu ya Marekani inayozitaka hoteli na mitandao ya vyumba kuonyesha bei pamoja na ada zao zote za lazima tangu mwanzo, zile zinazoitwa ada za huduma au za eneo. Kodi bado zinaweza kuja mwishoni. Kwa hiyo usilinganishe hoteli kwa namba ya kwanza unayoiona. Nenda hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, andika jumla, uongeze maegesho ya siku tatu, ndipo ulinganishe. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila hasara, kisha wiki moja kabla angalia tena bei ya hoteli hiyo hiyo. Ikishuka, weka mpya halafu ufute ya kwanza. Kwa mpangilio huo, usianze kufuta.

Jambo lililowatoa watu machozi mbele yangu ni kadi ya benki. Ukifika, hoteli hushikilia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi kama dhamana, juu ya bei ya chumba. Kwa kadi ya mkopo hutahisi kitu. Kwa kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti yako, fedha hizo zinakuwa kama hazipo, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi hata baada ya kuondoka. Nimemwona mama amelipia chumba vizuri kabisa, dhamana ikashikwa, na jioni kadi ikakataa kununua chakula cha watoto. Uliza kiasi cha dhamana mapema, na uache nafasi yake kwenye akaunti. Jina kwenye kadi liwe la mtu atakayesimama kaunta na kitambulisho chake.

Halafu piga simu hotelini, mwenyewe, mchana wa siku ya kazi, usipige namba ya mtandao wa kuuzia vyumba. Waambie mko watano, mmoja ni mzee mwenye magoti mabaya, gari lina kimo hiki. Uliza kama chumba kina vitanda viwili na sofa ya kukunjua, maegesho ni shilingi ngapi kwa usiku (nisamehe, dola ngapi, ulimi wa nyumbani), kama nafasi imehifadhiwa au ni ya anayewahi, na kama unaweza kutoka na kurudi bila kulipa tena. Uliza njia ya kwenda kituoni ina mlima au ngazi. Uliza pia kama Jumatatu, baada ya kukabidhi chumba, gari linaweza kubaki hapo mpaka alasiri na mizigo ikahifadhiwa. Wengi wetu mapokezini tunaruhusu, ila hatusemi mpaka tuulizwe. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Ijumaa ondokeni Portland mapema. Mpaka Stamford ni kama maili 280, saa tano hivi barabara ikiwa wazi, lakini kipande cha I-95 kati ya New Haven na Stamford Ijumaa alasiri kinasimama kama foleni ya harusi. Mkiwa mmepita New Haven kabla ya saa nane mchana mtafika chumba kikiwa tayari, kwani vingi hufunguliwa saa tisa. Jumatatu msikimbilie asubuhi. Kuleni, ingieni jijini na treni ya baada ya msongamano kama bado mna hamu, rudini mchana mchukue gari.

Na lile sanduku la keria: mko watano kwenye viti saba. Kunja viti vya nyuma, mizigo ya siku tatu itaingia hapo. Lile sanduku lifungue kwenye keria, liache Portland.